Mama Rosby

Enzi hizo, kila klabu ya Uingereza iliposhuka kutoka Ligi Kuu, jina lake lilipigwa marufuku kila mahali. Msimu ule klabu ya Rosby walipambana sana, lakini mechi ya mwisho wakafungwa dakika za majeruhi, wakashuka.

Asubuhi iliyofuata afisa mtendaji alifika Ujiji kwa Mwanaidi, ambaye marehemu mumewe alimpa binti yao jina la klabu hiyo.

"Mama... mama mtoto," alianza, akiogopa kulitamka, "mtafutie jina jingine."

"Iliyoshuka ni klabu. Mwanangu hajashuka daraja."

"Shule itamfukuza."

Mwanaidi akatoka barazani. "Rosby! Njoo unywe chai!"

Majirani wakafunga madirisha, moja baada ya jingine. Akaita tena, kwa sauti kubwa zaidi.