Aljebra Kwanza

"Saini hapo urudie kalkulasi, umalize chuo na wenzako," mshauri wa masomo alimwambia Tekla, akimsogezea fomu.

Tekla hakusaini. "Nikiirudia hivihivi nitafeli tena, mwalimu. Mie nilipotelea kwenye aljebra. Naanza na hiyo, halafu trigonometria, ndipo nirudie."

"Hilo ni darasa la mwaka wa kwanza. Mdogo wako yumo."

"Najua."

Aliandika "Aljebra" kwa nguvu mpaka ncha ya kalamu ikatoboa karatasi.

Kesho yake asubuhi alipoingia darasani, minong'ono ilianza. Watu walimjua. Mdogo wake aliinamisha kichwa, akajifanya anatafuta kitu kwenye begi.

Tekla alikwenda moja kwa moja hadi kwenye benchi la mdogo wake.

"Sogea huko nikae."