Swichi ya Korido

Mzee Mbwambo alikuwa ameweka swichi moja ya vyumba vyote vinne kwenye korido, kando ya mlango wake, ili aweze kuzima taa za watoto mwenyewe. Sasa swichi hiyo ya vitufe vinne ilikuwa imeungua, na fundi Sikudhani alikuwa ameing'oa ukutani.

"Mzee, hii ni nyumba au mahabusu?" alicheka.

"Walikuwa wanasahau kuzima."

"Wako wapi wenyewe?"

"Wakubwa wana kwao. Yule mdogo kaolewa Jumapili."

Fundi alikata ncha za nyaya zilizoungua. "Basi nikufungie ya kitufe kimoja, ya chumbani kwako. Hizi nyingine nizizibe kwa tepu."

"Funga zote nne."

"Atazimiwa nani?"

Sikudhani alifunga zote nne, akarudisha umeme, akajaribu kitufe kimoja kimoja. Mwanga ukatokea chini ya milango mitatu iliyofungwa. Akakusanya bisibisi zake, akaaga.

Mzee alipobaki peke yake, alizima taa ya chumba cha binti mdogo. Kidole kikabaki juu ya kitufe, naye akageuza sikio kuelekea mlangoni, akisubiri kulalamikiwa.