Cheki Namba ya Cyprian

Harieth alikuwa ameapa kumuumbua Mzee Ndaki mbele ya ofisi nzima, na asubuhi hiyo alikuja kazini amejifunga kibwebwe.

"Mwangaluka, mayu," mzee alimsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama kwa upole wake uleule unaokera.

"Mwangaluka," Harieth akajibu bila kumtazama. Amsalimie kwa moyo gani, na huyo ndiye aliyemnyima mume?

Miaka sita sasa. Cyprian, mumewe, anafundisha sekondari huko Songea. Yeye yuko Bariadi na binti yao, anayemjua baba zaidi kwa sauti ya simu. Kila mwaka Cyprian anaomba uhamisho wa kumfuata mwenza, na kila mwaka anapiga simu kwa unyonge: "Wamegoma tena, mke wangu. Huko kwenu kuna mtu amezikalia barua zangu." Mtu gani mwingine? Ndaki ndiye afisa utumishi, na barua za wanaohamia zote zinapita mezani kwake.

Siku moja Harieth alimvaa. "Mimi nilishapitisha, mayu," mzee akasema. "Muulize mwenyewe."

Mwongo mkubwa! Anamsingizia mtu aliye mbali, asiyeweza kujitetea.

Na Cyprian yule, jamani! Mwaka jana alitokea mlangoni katikati ya muhula, bila hata kupiga simu. "Ruhusa umeipataje?" Harieth alimuuliza, bado amemning'inia shingoni. "Mkuu wa shule kanionea huruma tu. Hata nauli, walimu wamenichangia." Wiki nzima walikula sato wa Lamadi, wakaenda Shishiyu kumsalimu mama mzazi wa Harieth. Jumapili Harieth aliwaombea walimu wale kanisani. Mwanamume gani mwingine angehangaika hivyo kwa ajili ya mkewe?

Sasa basi, Harieth ndiye mtu wa kompyuta pale ofisini, naye alikuwa amekabidhiwa mfumo mpya wa kutafuta nyaraka za watumishi. Karatasi zilishaingizwa zote, hata za mikoa mingine, lakini zilitapakaa ovyo. Ukimtafuta Cyprian unapata karatasi mbili za mshahara. Nyingine zimejificha kwa Siprian, nyingine kwa Cipriani. Akaufundisha mfumo uachane na majina. Ukusanye kila karatasi kwa cheki namba, ile namba ya mtumishi isiyobadilika hata jina likikosewa, kisha uzipange kwa mafungu chini ya mwenyewe. Kazi hiyo ilimkondesha, na ilikuwa imekamilika.

"Njooni muone!" akawaita wenzake. "Leo tutamjua anayewatenganisha watu na waume zao."

Wakaja. Ndaki naye akasogea, mikono nyuma, hana hata wasiwasi. Harieth akaandika cheki namba ya mumewe, anayoijua kichwani.

Mafungu yakajipanga kwenye kioo. Akafungua la Uhamisho, akitegemea barua sita. Ilikuwepo moja tu, ya mwaka wa kwanza. Imepitishwa, saini ya Ndaki hiyo hapo, na muhuri juu yake. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja: Mwombaji ameghairi mwenyewe.

Harieth aliusoma mstari ule tena na tena. Kumbe hakuna aliyegoma. Hakuna barua iliyokaliwa. Miaka yote hiyo amemchukia mzee wa watu bure, huku mtu wake mwenyewe akimlilia kwenye simu kwa uongo.

"Pole, mayu," Ndaki akasema. Hakuwa anacheka. Afadhali angecheka.

"Ana mwanamke," Harieth akasema kwa sauti, wala hakujali nani anasikia. "Cyprian ana mwanamke huko! Na nimjue leo, nimjue kwa jina!"

Akafungua fungu la Familia. Nalo lilikuwa na karatasi moja, ya mwaka jana, yenye saini ya mkuu wa shule.

"Mwalimu Cyprian amepewa ruhusa ya wiki moja, kwenda Shishiyu, mkoani Simiyu, kumzika mkewe, Harieth."