Dole Gumba la Kulia

Karatasi ilikuwa na alama ya dole gumba la mkono wa kulia, na Silvanus hakuwa na mkono wa kulia.

Reli ndiyo iliyoileta kupinga dai la fidia, na Hudson Kituku aliigeuzageuza mara tatu kabla ya kuiamini bahati yake. Alikuwa karani wa chama cha wafanyakazi wa reli pale Voi, mtu wa Machakos mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na kwa miaka minne alikuwa ameshindwa kila kesi aliyoishika. Pembeni mwa karatasi palikuwa na doa la kahawia. Hilo halikumshangaza, karani gani hanywi chai juu ya mafaili?

"Soma tena tarehe," Silvanus alimwambia.

"Jumatano, tarehe kumi Februari, 1954. Mimi niliyeumia nimeridhika, sina dai lolote juu ya reli. Halafu dole."

"Mimi nilikatwa mkono Jumanne."

"Ndiyo maana nacheka, ndugu yangu."

Habari ya Jumanne ile kila mtu kwenye yadi ya reli aliijua. Silvanus alikuwa akiunganisha mabehewa pale injini ilipoyasukuma bila ishara, mkono ukanaswa katikati. Kiwiko kilisagika, kiganja na vidole vilibaki vizima, kama vya mtu aliyelala. Daktari aliukata jioni ile ile, na Silvanus akakaa siku tatu hajitambui.

Sheria ilikuwa upande wake. Aliyekatika mkono kazini sharti alipwe fidia, na Hudson alikuwa nayo sheria hiyo, ameipigia mistari kwa penseli mpaka karatasi ikatoboka. Bila fidia, Silvanus angetolewa nyumba ya reli na kurudi kwao mlimani Sagalla na mke na watoto, kwenye shamba la mawe ambalo maji yake hubebwa kichwani, akalime kwa mkono wa kushoto. Jembe halishikwi hivyo. Alikuwa amejaribu.

Huko Sagalla tayari alikuwa na kaburi dogo. Peris, mkewe, ndiye aliyeudai mkono hospitalini siku ya pili, kwa sababu mama mkwe alikuwa ameapa kwamba ukichomwa pamoja na uchafu wa wodi, mwenyewe angeumwa nao mpaka afe. Aliupandisha mlimani kwa miguu, ameufunga kwa leso yake. Gibson, kaka yake Silvanus, ndiye aliyechimba shimo, na hadi leo husimulia jinsi ulivyokuwa mzito, na jinsi dole gumba lilivyokuwa limeanza kuwa jeusi kwa kuoza. Mchungaji alikosa fungu la kusoma, akaomba sala fupi tu.

"Wameghushi," Hudson alisema. "Tutaipeleka Nairobi kwa wataalamu. Wana alama za vidole vyako vyote tangu uchukue kipande, kile kitambulisho cha serikali. Wakisema hili si lako, kuna mtu atafungwa, na si wewe."

"Mnyonge hana haki, Bwana Hudson."

"Safari hii anayo."

Silvanus akaapa mbele ya afisa wa leba wa serikali, mkono wa kushoto juu ya Biblia kwa kuwa ndio uliobaki, kwamba hajawahi kutia dole kwenye karatasi ile. Peris hakuingia. Wanawake walingoja nje kwenye benchi, na hakuna aliyeona haja ya kumwonyesha karatasi mtu asiyejua kusoma. Jioni mumewe alimwambia tu kwamba wameukamata uongo wa reli, na kwa mara ya kwanza tangu Februari wakala wakicheka.

Jibu lilikuja mwezi wa sita. Afisa alilisoma kwa Kiingereza, kisha akamwachia Hudson kazi ya kulitafsiri, na sauti ya Hudson ikazidi kufifia neno kwa neno. Dole lilikuwa la Silvanus. Hapakuwa na shaka yoyote. Dai limefutwa, nyumba irudishwe kabla ya mwezi kwisha, na kile kiapo cha uongo kitapelekwa kortini.

Nje, juani, Hudson alivua miwani. Aliona aibu, na aibu ikamfanya mkali.

"Ungeniambia ukweli, Silvanus. Ulitia dole lini?"

"Sikutia. Naapa," alisema Silvanus, ingawa kiapo chake hakikuwa na thamani tena kwa mtu yeyote.

"Dole la kulia. La kwako. Jumatano. Sasa mimi niwaambie nini watu?"

Peris, aliyengoja nje safari hii pia, aliinuka kwenye benchi. "Hebu nione hiyo karatasi," alisema.

Hudson alimpa, kwa kuwa haikuwa na faida tena. Peris hakuhangaika na maandishi. Alitazama lile doa la kahawia pembeni, akaligusa kwa kidole, akalitazama tena.

"Baba Wakio," alimwambia mumewe polepole, "hii si ndiyo karatasi ya kuchukulia mkono?"

Wanaume wote wawili walimgeukia.

"Karani wa reli aliyekuwa pale hospitalini alisema dole langu halifai, mwanamke hana kipande. Alitaka la mwenyewe, la kulia, la sivyo mkono uchomwe. Akanisogezea wino, akageuka kutazama dirishani, nami nikaifungua leso, nayo imelowa damu."