Joto la Anayekohoa

Haya ni kweli tupu, na kama naongopa, jogoo wa jirani afe. Huku Makete siku hizi ni marufuku kuwasha moto wakati wa kipupwe. Kila nyumba inajitegemea: ukuta hunyonya jua mchana, jioni husikiliza vifua vyetu, kisha humpelekea joto anayekohoa zaidi.

Basi mimi nikawa nakohoa. Upande wangu wa kitanda ulikuwa kama mkate uliotoka tanuruni, na mke wangu, Mama Tupelwa, akijikunja upande wake ndani ya mablanketi.

Juzi akasema, "Mzee, hebu nisimulie ulivyompiga chui kofi."

Nani angekataa? Nilisimulia mpaka chui akaomba msamaha na kunibebea mzigo hadi nyumbani. Mke wangu hakucheka.

"Stori yote hiyo, Baba Tupelwa, na hujakohoa hata mara moja."

Nikajitia kukohoa, lakini nilikuwa nimechelewa. Ndipo akakohoa yeye, kikohozi kidogo, kikavu, na nikajua hakikuanza jana. Alikuwa akikifunika kwa blanketi ili ukuta usininyang'anye joto mimi mgonjwa.

"Kohoa kwa nguvu, ukuta ukusikie!"

"Nguvu zenyewe ziko wapi?"

Nikamlaza upande wangu. Joto likamhama, likanifuata nilipo, kwa kuwa ukuta ulishazoea kikohozi changu na chake haukukisikia.

Sasa namkumbatia na kukohoa bila kupumzika, ili joto linalonijia limguse na yeye. Koo limeanza kuuma kweli. Sithubutu kunyamaza.