Redio Inayofuata Moyo

Siku hizi redio hailii mpaka moyo wako uende mbio. Unavaa bangili, unafanya mazoezi, na mapigo yakifika mia na kumi ndipo muziki unaanza. Yakizidi, redio nayo inapaza sauti. Ukikaa, kimya.

Mimi sina ugomvi na sheria hiyo. Mume wangu Makame, mtu wa kulalamikia goti hata akienda msalani, sasa kila asubuhi anazunguka ua wetu hapa Ngamiani mara ishirini, kisa muziki wa dansi wa ujana wake. Raundi tatu za mwanzo ananung'unika. Tarumbeta zikilia tu, goti limesahaulika, kiuno kinacheza, na ananivuta mimi na mwiko wangu mkononi.

"Njoo, Mwanahawa, usinizeeshe!"

Hata sukari yake imeshuka.

Jana alisema amechoka, akakaa kwenye kiti chake uani. Mimi nikaingia jikoni kumenya muhogo. Mara tarumbeta zikalia.

"Mwongo wewe!" nikampigia kelele huku nacheka. "Si ulisema umechoka?"

Nikatoka na kisu changu, natikisa mabega, tayari kucheza.

Makame alikuwa palepale kitini, mikono magotini, bangili yake ameivaa, viatu vya mazoezi hajavaa.

"Sijainuka, mke wangu," alisema taratibu.

Bangili yangu mimi ilikuwa mezani, nimeivua tangu nilipoanza kumenya.

Redio ikazidi kupaza sauti.