Kiti cha Nyuma

Gari la marehemu mumewe lililiwa na kutu mpaka kuku wakatagia ndani, lakini Mwanaesha aliapa litatembea tena. Mwezi wa tano wa kugonga na kupaka rangi, fundi Shabuni aling'oa kiti cha nyuma, akakuta shanga za kiunoni. Alimpa huku akitazama pembeni.

Mwanaesha alilitambua fundo. Alilifunga mwenyewe, alipomtungia mdogo wake Mishi zawadi ya harusi.

"Rudisha kiti, fundi."

Mishi aliingia gereji na chupa ya chai. "Dada, limependeza! Laiti shemeji angeliona."

Mwanaesha alizitundika shanga kwenye kioo cha kutazamia nyuma, akafungua mlango.

"Njoo, Mishi. Kaa ulipozoea."

Mishi aliinua mguu, akaona kinachoning'inia, akabaki hivyo.